Mgeni wa Mawe: Namna ya Kuurudisha Utafiti wa Jiolojia Kijijini

Anafika asubuhi na gari lililojaa vumbi. Ana nyundo mkononi, dira shingoni na mfuko begani. Siku tatu anazunguka korongoni, anavunja mawe, anayaandika namba kwa kalamu nyeusi, kisha anaaga na kuondoka. Jioni ile ile barazani habari inakuwa moja tu: "Wamepata dhahabu." Wiki mbili hazijaisha, mtu ameshaanza kuchimba nyuma ya shamba la jirani yake.

Kama mgeni huyo ni wewe, uwe mwanafunzi wa chuo, mtafiti au mtumishi wa mradi, makala hii ni yako. Ni yako pia mwalimu wa jiografia uliyechoka kufundisha miamba kwa kuichora ubaoni. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mtafiti wa mawe naye ni mgeni, na ugeni wake haujatimia mpaka mwenyeji ajue jiwe lake limesema nini. Hapa tutapita pamoja, hatua kwa hatua: useme nini, uombe ruhusa wapi, ubebe vifaa gani na utumie fedha kiasi gani.

Kwa nini nijisumbue?

Jiolojia ni elimu ya ardhi: miamba, udongo, milima, maji ya chini, na jinsi vyote hivyo vilivyotokea. Wanaoishi juu ya ardhi hiyo ndio wa kwanza kuumia wasipoielewa. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang, mkoani Manyara, vikaingia Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Hanang ni volkano ya zamani, kwa hiyo watu wengi walidhani mlima umelipuka. Wataalamu walipouchunguza walieleza kwamba haukulipuka: mvua kubwa ililowesha sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu, ikameguka na kugeuka tope. Tofauti hiyo ina uzito, kwa sababu anayeogopa moto hutazama kileleni, na anayeogopa tope huangalia makorongo na mahali alipojenga nyumba.

Mfano mwingine uko kinywani mwa watu. Arusha, Manyara na Kilimanjaro wapo wengi wenye meno ya kahawia. Chanzo kikubwa ni floridi, madini ambayo maji ya chini huyachukua kutoka kwenye miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floridi kwa lita. Mtafiti aliyepima visima kumi akaondoka na majibu yake ameiacha familia inywe bila kujua kisima kipi ni afadhali.

Nianze na nini?

Anza kwa kupunguza. Ripoti yako ina kurasa mia; mwenyeji wako ana saa moja. Andika sentensi tatu tu: nilitafuta nini, nilikuta nini, na wewe mwenyeji ufanye nini. Kisha mwendee mama anayekuuzia chapati na umsomee. Akikuuliza "maana yake?", rudi ukaandike upya. Akikuuliza "sasa kisima chetu je?", umefika.

Andaa pia majibu ya maswali manne ambayo hayakosekani kijijini. Je, kuna dhahabu? Maji yako wapi, na yanafaa kunywewa? Mlima huu utalipuka? Kwa nini ukuta wa nyumba yangu umepasuka? Hata kama utafiti wako ulihusu mambo mengine kabisa, maswali haya utayakuta mlangoni. Usilolijua sema hulijui, kisha umweleze muulizaji ni ofisi gani italijibu.

Nitumie maneno gani?

Tumia kwanza maneno ambayo wenyeji wanayo. Yale magamba yanayong'aa kwenye mchanga yana jina lake, ulanga. Jiwe linalochomwa likatoa unga mweupe wa kupaka ukuta ni jiwe la chokaa. Magadi yanajulikana hadi jikoni. Watu wa Mbozi, mkoani Songwe, hawahitaji darasa kuhusu kimondo, kwa sababu lile bonge la chuma kutoka angani, lenye uzito wa tani nyingi, liko kwao.

Neno likiwa geni, lifungue hapo hapo. Sema "visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe." Sema "zaha, yaani uji wa moto unaomwagika volkano ikilipuka." Sema "Bonde la Ufa ni mahali ambapo ardhi inaachana polepole, milimita chache kwa mwaka, pole kuliko ukucha unavyoota."

Na usidhani Kiswahili hakitoshi kwa sayansi. Mwaka 2017 watafiti walitangaza dinosaria mpya kutoka Songwe, wakamwita Shingopana, kwa sababu ya shingo yake pana. Mwaka 2019 akafuata Mnyamawamtuka moyowamkia: mnyama wa Mtuka, jina la mto ulio karibu na alipofukuliwa, na moyo wa mkia kwa sababu mfupa mmoja wa mkia wake una umbo la moyo. Majina hayo sasa yanaandikwa na wanasayansi wa dunia nzima. Mtoto wa Mbeya akiyasikia haombi tafsiri.

Niombe ruhusa wapi?

Kwa Tanzania Bara, njia ya kawaida huanzia juu ikishuka. Chukua barua ya utambulisho kutoka chuo au taasisi yako, uipeleke kwa Katibu Tawala wa Wilaya au Mkurugenzi wa Halmashauri. Ukipewa barua yao, nenda kwa Mtendaji wa Kata, kisha kwa Mtendaji na Mwenyekiti wa Kijiji. Kama unakwenda shuleni, pitia kwa Afisa Elimu kabla ya kumwona mkuu wa shule. Zanzibar usimruke sheha. Kenya anzia kwa chifu, na kibali cha utafiti wenyewe hutolewa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi ya huko.

Kuzungumza na watu ni jambo moja, kuchukua sampuli mpya ni jambo jingine. Ukitaka kukusanya tena mawe, au ukiwa na watafiti wa kigeni, wasiliana mapema na Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) kuhusu kibali. Visukuku na zana za mawe za kale vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Havichukuliwi kama kumbukumbu ya safari. Tenga wiki mbili au tatu kwa ajili ya barua hizi. Ukiambiwa kuna malipo, omba namba ya malipo ya serikali na stakabadhi.

Siku yenyewe niifanyeje?

Usianze kwa kusema. Anza kwa kuuliza. Waweke mbele wazee, wachimbaji wadogo, wachunga ng'ombe na kina mama wanaochota maji, uwaulize: ni wapi maji hayakauki hata kiangazi? Ni jiwe gani mnalitumia kunolea kisu? Ni wapi ardhi imewahi kumeguka? Wenyeji huwa wameshaona mengi: kabla ya mwaka 1906, ambapo mhandisi wa Kijerumani aliambiwa habari za mifupa mikubwa ya Tendaguru, Lindi, watu wa huko walikuwa wakiiona mashambani mwao. Wajerumani walipokuja kufukua, kuanzia 1909 hadi 1913, kazi iliendeshwa na mamia ya Waafrika chini ya wasimamizi kama Boheti bin Amrani. Mifupa ilibebwa vichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi, na leo dinosaria mrefu aliyeungwa kutokana nayo amesimama kwenye makumbusho ya Berlin. Ukiwa Lindi ukasimulia habari hiyo bila kuwataja wabebaji, utakuwa umewanyima wasikilizaji wako babu zao.

Baada ya kuwasikiliza, toa mawe yako. Usiyaweke mezani kama maonesho ya kutazamwa. Yapitishe mkono kwa mkono. Sema maneno yako kwa dakika 20, maswali yapate dakika 40. Epuka saa za shamba na siku ya gulio, isipokuwa umekubaliwa kuweka meza gulioni penyewe. Ukimaliza, acha ukurasa mmoja wa Kiswahili kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji, wenye sentensi zako tatu, mchoro mmoja na jina la taasisi yako.

Watoto niwafanyie nini?

Mtoto hapendi sayansi kwa kuambiwa aipende. Mpe jiwe na swali. Haya ni mazoezi manne ambayo hayahitaji maabara wala umeme.

La kwanza ni siki. Dondoshea matone ya siki, au ndimu kama siki hakuna, kwenye jiwe la chokaa lililokwaruzwa kidogo likatoa unga. Litatoa mapovu madogo, kwa sababu tindikali ya siki hula chokaa na kuachia hewa. Fanya hivyo hivyo kwenye jiwe la aina nyingine, na watoto waseme wenyewe tofauti. Pwani tumia jiwe la matumbawe, lile lile lililojengea Kilwa Kisiwani na Mji Mkongwe wa Zanzibar. Sehemu za bara zisizo na chokaa, ganda la yai litatoa jibu lile lile.

La pili ni chupa ya udongo. Jaza theluthi ya chupa kwa udongo uliochanganyika, ongeza maji, tikisa kwa nguvu, kisha iache hadi kesho yake. Mchanga utatua kwanza, tope laini litafuata, na mfinyanzi utachelewa kuliko vyote. Watoto wataona tabaka juu ya tabaka. Hapo waambie kwamba kuta za Bonde la Olduvai zimepangwa hivyo: tope la ziwa la kale na majivu ya volkano, tabaka la chini likiwa la zamani kuliko la juu.

La tatu ni kigae. Pindua kigae cha sakafu, upande wa nyuma usio na rangi, ukwaruze jiwe juu yake. Dhahabu huacha mstari wa njano. Pairiti, jiwe linalong'aa kama dhahabu na kuwadanganya wengi, huacha mstari mweusi unaoelekea kijani. Zoezi hili watu wazima nao hulipenda, na limewaokoa baadhi yao wasitapeliwe.

La nne ndilo watoto hulisimulia nyumbani. Nunua kamba ya katani, upime mita 46 uwanjani. Kila mita ni miaka milioni 100, kila sentimita ni miaka milioni moja, na kamba nzima ni umri wa dunia. Mtoto mmoja asimame mwisho wa kamba: hapo ndipo leo. Sasa rudini nyuma. Mita 26 kutoka leo, asimame mtoto wa majabali ya Mwanza. Karibu mita sita kutoka leo, wa tanzanaiti ya Mererani. Mita moja na nusu, wa dinosaria wa Tendaguru. Nyayo za watu wa kale za Laetoli, zenye miaka milioni 3.66, ziko chini ya sentimita nne kutoka mwisho. Historia yote iliyowahi kuandikwa na binadamu haizidi unene wa unywele mmoja. Waache wanyamaze kidogo wakiiangalia kamba, usiwaharakishe.

Usalama nao usiusahau. Nyundo ishikwe na mtu mzima aliyevaa miwani ya kujikinga, watoto wakiwa mbali, kwa sababu kipande cha jiwe hurukia jicho haraka kuliko unavyodhani. Mashimo ya wachimbaji si darasa; usimpeleke mtoto huko hata kwa dakika tano.

Hadithi zina nafasi gani?

Zina nafasi kubwa, mradi ziwe za kweli. Mwaka 1976 huko Laetoli, watafiti waliokuwa wakirudi kambini walianza kurushiana mavi makavu ya tembo kwa mzaha. Mmoja wao, Andrew Hill, akajitupa chini kukwepa, akajikuta anatazama alama za wanyama kwenye majivu yaliyokuwa yamegeuka mwamba. Miaka miwili baadaye timu ya mtafiti Mary Leakey ikapata nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili kama sisi. Darasa litacheka kwenye mavi ya tembo, na likishacheka litakumbuka majivu.

Au waambie habari ya Ol Doinyo Lengai, mlima mtakatifu wa Wamasai karibu na Ziwa Natron. Ndio volkano pekee hai duniani inayotoa zaha yenye chumvichumvi jamii ya magadi. Zaha yake ina joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi, karibu nusu ya joto la zaha za milima mingine. Hutoka nyeusi kama oili chafu ya gari na baada ya muda mfupi hugeuka nyeupe ikipata unyevu. Mlima huo umo ndani ya jiopaki ya Ngorongoro-Lengai, eneo ambalo UNESCO ililitambua mwaka 2018 kwa urithi wake wa miamba, la kwanza kusini mwa Sahara.

Gharama ni kiasi gani?

Ndogo kuliko unavyofikiri. Siki, ndimu, kamba, kigae kilichovunjika kutoka kwa fundi, chupa tupu, manila za kuchorea na nakala za ukurasa mmoja: kwa shule moja tenga shilingi 30,000 hadi 50,000, bila nauli. Kitu kimoja cha ziada kinachofaa kununuliwa ni lenzi ya mkono inayokuza mara kumi; ikitunzwa hudumu miaka. Kama bado unaandika ombi la fedha za utafiti, weka kifungu cha kurudisha matokeo tangu mwanzo: nauli ya safari ya pili, chakula cha mkutano na uchapaji. Anayekumbuka kifungu hicho mwishoni hukuta mfuko umeshatoboka.

Kuna mahali pengine pa kuupeleka utafiti?

Kipindi cha nusu saa kwenye redio ya jamii hufika kwenye boma ambalo gari lako halifiki. Makumbusho ya Taifa na Makumbusho ya Olduvai hupokea wanafunzi. Waulize kama wanahitaji mzungumzaji. Maonesho ya Sabasaba, Nanenane na ya teknolojia ya madini yanayofanyika Geita huleta watu wa kila aina. Kwa sekondari, kuna shindano la kila mwaka la Young Scientists Tanzania, ambapo wanafunzi huonesha utafiti wao wenyewe. Darasa lililopima visima vya kijiji chao lina mradi tayari. Kuhusu ramani za jiolojia na upimaji wa sampuli, uliza Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania (GST), yenye makao makuu Dodoma.

Nisiseme nini?

Usiahidi madini. Neno "inawezekana" kinywani mwako hugeuka "yapo" likifika kisimani. Usitaje hadharani mahali hasa visukuku vilipo. Toa taarifa kwa uongozi na wahusika wa mambo ya kale. Usitabiri siku ya tetemeko la ardhi, kwa kuwa hakuna anayeweza; fundisha namna ya kujikinga. Na usitangaze kuwa maji yana kasoro ukaishia hapo. Kabla ya mkutano zungumza na mhandisi wa maji wa wilaya, ili siku hiyo watu wasikie pia wachote wapi.

Kijana akisema anataka kuwa mwanajiolojia, nimwambie nini?

Mwambie asome hisabati, fizikia, kemia na jiografia kwa bidii. Kidato cha tano achague tahasusi yenye masomo hayo, kama PCM (fizikia, kemia, hisabati) au PGM (fizikia, jiografia, hisabati). Shahada ya jiolojia hutolewa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma, na Chuo cha Madini Dodoma kinafundisha ngazi za chini ya shahada. Sifa za kujiunga hubadilika, kwa hiyo kila mwaka asome mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kwa shahada au wa baraza la elimu ya ufundi (NACTVET) kwa cheti na stashahada, na aangalie masharti ya Bodi ya Mikopo mapema.

Kama matokeo yake hayakuwa mazuri, usimfungie mlango. Mary Leakey hakuwa na shahada ya kusomea alipolipata fuvu maarufu la Olduvai mwaka 1959. Alijifunza kazini, akianzia kwenye kuchora zana za mawe. Kamoya Kimeu wa Kenya alianza kama kibarua wa kufukua, naye mwaka 1984 akaongoza njia kwenye mifupa ya kiumbe wa kale aitwaye Kijana wa Turkana kwa kuona kipande kidogo cha fuvu kilichofanana na changarawe iliyokizunguka. Wote wawili walikuwa na kitu ambacho unaweza kukipima hata kwa mtoto wa darasa la nne: walitazama chini kwa makini.

Ndiyo maana kitu cha mwisho cha kuacha shuleni ni boksi. Lile la viatu linatosha. Tia ndani mawe sita ya eneo hilo, kila moja na karatasi yake: jina la jiwe, mahali lilipookotwa, na jina la mtoto aliyeliokota. Acha nafasi ya mawe mengine sita, wayajaze wao. Ukipita tena mwaka unaofuata, kabla ya kutoa nyundo yako, omba kwanza kuliona boksi hilo. Zamu hiyo wao wakuoneshe mawe, wewe usikilize.